Sifa Tatu na Kasoro Moja

Mimi Deodata nina saluni hapa Rulenge, wilaya ya Ngara, njia ya kwenda misheni, na sipendi mtu anayekuja kusukwa huku anatikisa kichwa. Eustakia ni mmoja wao. Kichwa chake hakitulii kwa sababu mdomo wake hautulii, na mdomo ukienda huku kichwa kinafuata. Nimemfokea mara nyingi kuliko nilivyomfokea mtoto wangu. Hata hivyo ndiye mteja ninayempenda kuliko wote, na ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Ni mjane, umri wake unakaribia sitini. Ana migomba na kahawa kidogo kwenye mteremko nyuma ya hospitali ya misheni, na kuku wasiojua mpaka. Alimaliza darasa la saba, akaishia hapo. Kwa miaka mingi kazi iliyompa jina ilikuwa moja: ushenga. Mshenga ni umuranga, kama tunavyosema kwetu.

Mgeni wa Ngara inabidi aelewe jambo moja. Sisi Wahangaza tuliokulia huku vijijini, kujisifu ni aibu. Msifie mtu ng'ombe wake, atakujibu, "Aa, vipo vijing'ombe." Msifie binti yake aliyefaulu, atasema Mungu amemwonea huruma. Kwa hiyo kukiwa na jambo la kusifiwa, mchumba au mali, anatafutwa mtu wa kulisemea. Mama yake Eustakia, marehemu Auleria, alikuwa fundi wa kazi hiyo, na alikuwa na kanuni yake ambayo sijaisikia kwa mshenga mwingine. Alikwenda kwanza kutazama kwa macho yake. Akirudi alitaja sifa tatu, kisha kasoro moja ya kweli, kisha alinyamaza. "Sifa inawaleta watu," alikuwa akisema, "kasoro inawakalisha." Kanuni hiyo alimwachia Eustakia, binti yake mkubwa, pamoja na kiti cha kukalia na sauti kubwa.

Lakini siku hizi nani anatuma mshenga kutazama? Vijana wanatazamana wenyewe kwenye simu. Mshenga anaitwa mwishoni, avae vizuri, apige picha. Eustakia alibaki na sauti yake bila pa kuipeleka, ndiyo maana ikawa inamalizikia kwenye kiti changu.

Mwaka mmoja nilikuwa nimenunua simu kubwa nikaamua kuitangaza saluni mtandaoni. Niliweka muziki. Niliweka maua yanayoanguka. Niliweka picha ya mwanamke wa mbali mwenye msuko ambao mimi hata nikipewa wiki nzima siuwezi. Nikalipia tangazo lienee. Nilichovuna ni vidole vya kupenda kutoka Mtwara, na mwanaume mmoja wa Kahama aliyetaka kujua kama nimeolewa. Kichwa hata kimoja hakikuja. Nilikasirika, lakini nilijua sababu, kwa kuwa na mimi ni hivyo hivyo: tangazo likitokea, kidole changu kinaruka kabla jicho halijasoma. Tumeyazoea. Tunayapita kama mtu anavyompita mlevi njiani, bila kumtazama usoni asije akaanza maneno.

Basi siku moja Gidioni, fundi seremala wa hapa jirani, akaja na kitanda juu ya mkokoteni. Alikuwa amekitengeneza kwa ajili ya mteja, mteja akaghairi. Akaniomba nikiweke kwenye stetasi yangu ya wasapu, maana mimi nina namba za nusu ya wanawake wa Rulenge. Nikamwambia picha peke yake haitoshi siku hizi, watu wanataka video. Asimame pembeni ya kitanda chake aseme. Akasimama. Nikawasha simu.

"Ni kitanda tu," akasema Gidioni. "Cha kurara."

Akataka kuondoka mbele ya simu.

"Endelea basi. Taja uzuri wake."

"Mtu akikiona si ataona?"

Tukarudia. Mara ya pili alisema maneno machache zaidi ya hayo, na mara ya tatu alikuwa anaongea na viatu vyake. Wakati huo Eustakia alikuwa kwenye kiti changu, nusu ya kichwa imesukwa mistari, nusu nyingine imesimama wima. Uvumilivu ukamwishia. Akainuka na kitana changu kikiwa bado kimechomekwa nyweleni.

"Mnamtesa mtoto wa watu," akasema. "Toka hapo, Gidioni."

Akakizunguka kitanda. Akakigonga. Akapanda juu, akalala, akajigeuza kushoto na kulia mpaka wapita njia wakasimama. Akachungulia uvunguni, akavuta droo zote mbili. Kisha akasimama mbele ya simu yangu kama anayesimama mbele ya wakwe.

"Habari zenu huko mliko. Mimi ni Eustakia wa Rulenge, nimetumwa na kitanda hiki. Sifa yake ya kwanza, ni mninga, nimeugonga, umeitika. Ya pili, hakilii. Nimejigeuza juu yake na mwili huu mnaouona, kimenyamaza. Ya tatu, fundi amepiga randa hata chini ya uvungu, mahali ambapo atakayetazama ni panya peke yake. Kasoro yake ni droo ya kushoto. Inagoma. Uinyanyue kidogo ndipo ije. Nimemaliza."

Gidioni alijifunika uso kwa mikono. Mimi nikasema nitaikata ile sehemu ya droo. Eustakia akanitazama.

"Ukikata kasoro, nikate na mimi."

Nikaiacha, nusu kichwa na kila kitu. Jioni haijafika, akaja mwalimu mmoja wa kike kutoka upande wa misheni. Hakugonga mbao wala hakuuliza mninga. Alikwenda moja kwa moja kwenye droo ya kushoto, akaivuta, ikagoma. Akacheka peke yake. "Kumbe kweli," akasema, na kitanda kikaondoka bila mabishano ya bei. Gidioni aliirekebisha droo kabla ya kuipakia, lakini nasikia mwalimu yule aliomba asiirekebishe sana.

Kuanzia hapo saluni yangu ikawa haina amani. Watu walikuja na mbuzi, redio, baiskeli, jogoo, wakapanga foleni kwenye benchi la wateja wangu. Eustakia aliwakagua wote bila haraka. Kuhusu mbuzi alisema: "Kasoro yake anakula nguo. Sisemi kamba ya nguo, nasema nguo." Kuhusu jogoo: "Kasoro yake hajui saa." Gidioni, kwa shukrani, alimletea simu kubwa iliyotumika, na mimi nikamfundisha kuweka stetasi yake mwenyewe. Video zikatoka huko zikaenda kwenye magrupu, zikaenda fesibuku, zikaenda tiktok, zikapata watazamaji maelfu. Bibi zetu ambao simu kwao ilikuwa ya kupokea tu, wakaanza kununua bando kwa ajili ya Eustakia. Wajukuu walisimamisha video kabla ya mwisho wakashindana kukisia kasoro.

Na tabia ikaota mizizi. Chini ya tangazo lolote, la mtu yeyote, mtu wa Ngara anaandika neno moja: Kasoro? Muuza simu mmoja alijibu kwamba bidhaa zake hazina kasoro, akachekwa mpaka akafunga sehemu ya maoni. Watu walikuwa wamechoka kuambiwa kila kitu ni kizuri. Nadhani hata mimi nilikuwa nimechoka, ila sikujua mpaka nilipomsikia mtu akisema droo inagoma.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera. Nikimwonyesha Eustakia idadi ya watazamaji, hakuitazama. "Nifungulie majina," alisema. Basi namfungulia ile orodha ya walioangalia stetasi yake, naye anashuka nayo kwa kidole, jina kwa jina, taratibu, mpaka chini kabisa. Halafu ananirudishia simu. Kila siku. Nilidhani ni majivuno ya uzeeni, na siku moja ya mvua, saluni ikiwa tupu, nikamwambia hivyo.

"Mama, unawahesabu kama mbuzi wa kurudi zizini. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta Priscila," akasema.

Priscila ni mdogo wake, kitinda mimba wa Auleria, aliyeolewa Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo. Nilijua yupo, nilijua hawasalimiani, sikujua kwa nini. Eustakia alinisimulia akiwa anatazama mvua, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akipandisha sauti.

Shibuda, Msukuma wa Nyabusozi, alipokuja kumposa Priscila, Auleria alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyekwenda kutazama ni Eustakia. Alikaa kule siku mbili. Aliona shamba la mahindi lililopaliliwa, aliona mtu asiyegusa pombe, aliona namna majirani walivyocheka kila alipofungua mdomo. Na aliambiwa jambo, na jirani mwenye ulimi mwepesi: Shibuda ana watoto wawili kwa mwanamke wa Geita, na watoto hao wanakuja kuishi naye.

"Niliporudi," akasema Eustakia, "Priscila alikuwa ananingoja barabarani. Alikuwa amecheka tangu asubuhi, yaani unaona mtu ana mashavu yamechoka kwa kucheka. Nikamtazama, Deodata, nikashindwa."

Jioni ile, mbele ya ndugu wote, alitaja sifa tatu: analima, hanywi, anachekesha. Watu wakangoja kasoro. Naye akasema, "Kasoro yake anakoroma." Nyumba nzima ikacheka, Priscila akacheka kuliko wote, na ndoa ikafungwa.

Mahindi ya kwanza hayajakomaa, watoto wakaletwa mlangoni na kifurushi chao. Priscila aliwapokea, akawaogesha, akawapa chakula. Kisha akamtumia dada yake ujumbe kupitia kwa binamu yao Restituta: Huku kila mtu alijua isipokuwa mimi, na dada yangu alijua. Tangu siku hiyo hakupokea simu yake. Kwenye mazishi ya shangazi yao walisimama mmoja upande huu wa kaburi, mwingine upande ule.

"Si umfuate?" nikasema. Nilikuwa namwonea huruma mpaka nimekasirika.

"Nilimfuata. Mara mbili. Alinikaribisha vizuri, akanipikia. Akawaambia watoto, 'Mgeni amefika, mleteeni kiti.'" Akajifuta uso kwa kiganja. "Mgeni, Deodata. Mimi niliyembeba mgongoni."

Namba ya Priscila alipewa na Restituta, akaihifadhi. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba stetasi haimfikii mtu mpaka na yeye awe ameihifadhi namba yako. Ndiyo maana alikuwa anashuka na kidole. Siku jina la Priscila likitokea pale, alisema, atajua kwamba huko Nyabusozi ameandikwa kwenye simu ya mdogo wake. Mbuzi, jogoo, redio, watu elfu hawa na elfu wale, vyote vilikuwa taa aliyowasha mlangoni kwa ajili ya mtu mmoja. Na mtu huyo hakutokea.

Aliyeleta mabadiliko ni Sabiti, mfanyabiashara wa vitenge mjini Biharamulo. Babu zake walitoka pwani, na pwani hiyo bado imo kinywani mwake. Alikuja na mzigo wake mpaka saluni.

"Shikamoo, Bibi Eustakia."

"Marahaba. Karibu kiti."

Alitaka vitenge vyake visemewe, ila alikuwa na ombi: sifa tatu awekewe, kasoro asiwekewe. Eustakia alichukua ncha ya kitenge cha bluu, akaichovya kwenye beseni langu la kuoshea nywele, na maji yakageuka.

"Kasoro yake kinatoa rangi maji ya kwanza," akasema. "Kilowekwe kwenye chumvi."

"Bibi, unaniua mchana kweupe!" akalia Sabiti. "Sisi kwetu tunasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Na wewe umetoka Biharamulo mpaka Rulenge na mzigo begani. Kati yangu na wewe, nani anatembeza?"

Sabiti alicheka mpaka akakaa. Akakubali, chumvi na yote. Na kwa kuwa moyo wake ulikuwa umefunguka, akatuonyesha siri yake ya biashara. Wakati wa mavuno, alisema, hulipia tangazo liende mahali anapotaka tu. Akafungua ramani kwenye simu, akaweka kiduara juu yake, akakisogeza kwa kidole. "Hapa ni Nyakahura. Nikisogeza hivi, Nyabusozi. Aliye ndani ya kiduara na simu yake, tangazo linaweza kumfikia, awe na namba yangu, asiwe nayo."

Eustakia aliichukua ile simu mkononi. Alikitazama kile kiduara muda mrefu.

"Hawezi kuwekewa kiduara mtu mmoja?"

"Mtu mmoja hapana, bibi. Eneo."

Siku ya gulio iliyofuata alikuja amevaa nguo zake za misa. Nikauliza leo tunauza nini. Akasema, "Mimi." Nikamwuliza nani atamsifu, maana yeye mwenyewe hawezi. Akasema hakuna, atataja kasoro peke yake, na tangazo alipeleke Nyabusozi kwenye kile kiduara.

Nilimkatalia. Nilimwambia kinachowaleta watu kwake ni kwamba hajawahi kuficha kitu, na akisema aliwahi kuficha, nani atamwamini tena? Hiyo video haitabaki ndani ya kiduara. Watu watairusha mpaka hapa, na jina alilojenga litaanguka mbele ya macho yake. Nilisema mengi, tena kwa ukali.

"Jina bila Priscila nalipeleka wapi?" akaniuliza. "Washa simu."

Nikawasha.

"Habari zenu huko mliko. Mimi ni Eustakia wa Rulenge. Leo sikutumwa na mtu. Sifa zangu sizitaji, mtu hajisifii. Kasoro yangu ni hii. Mdogo wangu alinituma nikamtazamie mwanaume. Niliona jambo kubwa, nikarudi nikataja kukoroma. Nilifanya hivyo kwa sababu alikuwa na furaha, lakini furaha yake sikuwa na haki ya kuichezea. Aliye Nyabusozi anayemjua, amwambie nimelisema mbele ya watu. Nimemaliza."

Jambo lenyewe hakulitaja. "Wale ni watoto wa watu," aliniambia baadaye, "wasije wakajikuta wamekuwa kasoro." Nikalipia, nikakiweka kile kiduara juu ya Nyabusozi.

Maoni yakaanza kuja. "Mama unauza nini?" "Bei?" "Muleba mnatuma?" Mtu mmoja akaandika, "Kumbe na yeye mwongo," na hilo nikalifuta. Eustakia alipojua alinigombeza, akataka nilirudishe, nikamweleza kwamba likishafutwa halirudi, akasema basi mwenye nalo aombwe aliandike tena. Hilo nilikataa kata kata. Lakini nilichokihofia kilikuja. Video ilifika Rulenge kabla ya Jumapili. Watu walimsalimia kanisani, hawakumnunia, ila benchi langu likawa tupu. Mwenye ng'ombe aliyekuwa ameweka miadi hakutokea. Hata Gidioni alikuja akaniuliza kwa sauti ya chini kama wateja wanaweza kuanza kuwa na mashaka na vitanda vyake.

Siku tulizolipia zikaisha. Eustakia akafungua orodha ya majina kwenye stetasi yake, akashuka nayo mpaka chini, akaizima simu mwenyewe. "Basi," akasema.

Alhamisi alikuja kusukwa. Akakaa kwenye kiti, akakiweka kichwa chake, kikatulia. Hakikutikisika hata kidogo. Hakuzungumza. Nilisuka mistari iliyonyooka kuliko yote niliyowahi kumsuka, na nilichukia kila mstari. Ningetoa kitana changu na kiti na kioo ili anisumbue.

Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa simu yake ilipolia ndani ya mkoba uliotundikwa kwenye msumari. Akasema nimtazamie ni nani, macho yake hayana kazi leo. Nikaichomoa. Juu ya kioo cha simu kulikuwa na jina moja.

"Mama," nikasema, "ni Priscila. Ametuma video."

Hakunyoosha mkono. Ikabidi niiweke mwenyewe juu ya mapaja yake, niifungue, nisimame nyuma ya kiti nikitazama juu ya bega lake.

Mwanamke wa makamo amesimama mbele ya ghala la mahindi, amevaa kitenge cha Sabiti, ile bluu ninaijua. Sura ni ya Eustakia aliyepunguzwa miaka. Sauti ya binti inasikika kutoka nyuma ya simu: "Mama, tazama hapa, usitazame huko." Mwanamke akatazama.

"Habari zenu huko mliko. Mimi ni Priscila wa Nyabusozi. Kuna tangazo limepita huku nusu. Limetaja kasoro, sifa halikutaja, na sisi watoto wa Auleria hatusemi jambo nusu. Kwa hiyo nalimalizia. Sifa yake ya kwanza. Nikiwa mtoto nilishikwa na malaria, akanibeba mgongoni mpaka misheni, mvua inanyesha, na njia nzima ananiimbia nisije nikalala. Ya pili. Akigawa muhogo kipande kikubwa anampa mwenzake, anasema yeye ameshakula jikoni. Jikoni alikuwa hajala kitu. Nilikuwa namchungulia." Hapo alitazama pembeni, akarudi. "Sifa ya tatu. Tangu siku ile ya kukoroma hajaficha tena kasoro ya kitu chochote. Nasema nilichokiona. Nimeziangalia zote. Hata ile ya droo watu walinitumia. Nilizima tiki za bluu ili asinione kwenye majina."

Kuku akapita mbele ya ghala. Kisha ile sauti ya binti tena, yenye kicheko ndani yake: "Na bei, mama?"

Priscila akacheka bila kutaka, machozi na yote. "Huyu hauzwi. Huyu ni wetu, anakuja nyumbani. Na Shibuda kweli anakoroma. Nimemaliza."

Sitawadanganya kwamba mmoja wetu alijikaza. Tulilia sote wawili, mimi nimeshika kitana, yeye ameshika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Akaniambia niirudishe mwanzo. Nikairudisha. Akaniambia nirudishe pale pa binti.

"Huyo mwenye sauti," akasema, "ndiye yule mtoto wa Geita?"

"Atakuwa ndiye."

"Anamwita mama."

"Anamwita mama."

Akainuka. Akachukua mkoba wake kwenye msumari, akajifunga khanga kiunoni, akauliza basi la Biharamulo linapita saa ngapi hapo barabarani. Nikamwambia hawezi kwenda kwa mdogo wake kichwa nusu. Akajishika upande mmoja, akajishika upande wa pili, akarudi kwenye kiti na kukaa kwa kishindo.

"Haya maliza, upesi! Huyu Priscila alikuwa na tabia ya kuamka mapema, ujue, hata nikimfunika blanketi, na hivi kule Nyabusozi kunalimwa muhogo au nibebe? Nitabeba. Na yule binti amesoma mpaka wapi? Sikuuliza hata siku moja, Deodata, nilikaa kwenye kile kiti cha mgeni kama gogo..."

Kichwa kilikuwa kinakwenda kulia na kushoto. Mistari ya upande wa pili yote ilitoka imepinda, na sikumfokea hata mara moja.